Butoni ni ya nani? Kritiki juu ya telekomande za nyumba zenye akili



Nyumba ambamo tate hawezi kuwasha taa ya choo mpaka mjukuu mwenye simu arudi kutoka kazini, mimi siwezi kuiita nyumba yenye akili. Ni nyumba ya mwenye simu, basi. Njo maana leo sitaongea juu ya ampule zinazobadilisha rangi, wala juu ya vile visanduku vinavyosikia sauti ya mtu na kumjibu kwa Kifaransa cha Paris. Nataka tuangalie kitu kidogo ambacho watu wananunua mwisho kabisa, na franga zilizobaki: butoni isiyo na waya, na dada yake telekomande.

Kwa wale ambao hawajakutana nayo: ampule yenye akili iko na redio ndogo ndani. Inapokea amri kupitia hewani, washa, zima, punguza mwanga. Amri inaweza kutoka kwenye simu, lakini inaweza pia kutoka kwenye kabutoni kenye batri, ambako unabandika ukutani au unakaweka kando ya kitanda. Katikati, mara nyingi, kuna kisanduku kinachounganisha vyote, nitakiita kituo. Mfumo wote ni huo.

Hapa Bukavu watu wanaojenga Muhumba na Nguba, na hata vijana waliopanga chumba na saloni, wananiuliza kila mara: «Kamarade, tununue gani?» Nimekwisha kushika vya kutosha mikononi, vingine vimetoka Dubai, vingine vimefika kutoka Ubelgiji ndani ya valizi ya mjomba wa mtu. Na ninachokiona ni kwamba tunachagua vibaya. Tunasoma sifa zilizoandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, kisha tunamchagulia mwenye simu. Lakini mwenye simu hana haja ya butoni! Butoni ni ya wengine wote: mtoto, mgeni, dada wa kazi, mzee, na hata wewe mwenyewe ile saa ya usiku simu imezima.

Chukua sifa inayopendwa kuliko zote: butoni moja, kazi tatu. Flic, ya kampuni ya Stockholm, inafanya hivyo. Butoni ndogo ya Aqara pia inafanya hivyo. Unafinya mara moja, jambo la kwanza. Mara mbili haraka, jambo la pili. Unafinya na kukaa, jambo la tatu. Wanaosifu wanahesabu: butoni nne mara tatu, amri kumi na mbili! Kwenye karatasi inapendeza. Mimi nauliza swali moja tu: nani atazikumbuka? Aliyezipanga atazikumbuka wiki mbili. Mgeni hatajua hata kwamba zipo. Na mkono wa mzee unaotetemeka kidogo utafinya mara mbili pale alipotaka mara moja, kisha badala ya taa ya kitanda, nyumba nzima inazimika. Kitu kile hakina alama hata moja usoni, ni cheupe na laini kama jiwe la mtoni. Ni kizuri, sikatai. Lakini swichi ya zamani ya ukutani, ile iliyochakaa na kugeuka njano, inajieleza yenyewe kwa kila mtu anayeingia.

Kuna mfano ambao naupenda juu unaonyesha kampuni moja ikienda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Telekomande ya ukutani ya Philips Hue, toleo la kwanza, ilikuwa na butoni nne kutoka juu kwenda chini: ya kuwasha, ya kuongeza mwanga, ya kupunguza, ya kuzima. Kuwasha juu kabisa, kuzima chini kabisa. Hata gizani kidole kinajua. Mwaka 2021 likaja toleo la pili, zuri zaidi kwa macho, na humo kuwasha na kuzima vikawekwa kwenye butoni moja ya juu. Ile ya chini ikapewa kazi ya kubadilisha aina za mwanga. Watu wengi walifurahia. Mimi hapana. Butoni moja inayowasha na kuzima inafaa tu kama unaiona taa unayoiamuru. Kama taa iko nje kwenye kibaraza na wewe uko chumbani, ukifinya hujui umewasha au umezima. Lakini ukiwa na mbili tofauti, unafinya ya kuzima na unalala. Hata kama ilikuwa imezimwa tayari, hakuna ubaya.

Njo maana, kwa upande huu, kitu rahisi cha IKEA kinanishinda kukisema vibaya. Ile yao inayoitwa RODRET iko na butoni mbili tu, juu na chini. Ukifinya juu inawaka, ukikaa juu mwanga unaongezeka. Chini ni kinyume chake. STYRBAR, kubwa yake, inaongeza mbili za pembeni, kushoto na kulia. IKEA haina duka hapa kwetu, kwa hiyo utaipata kwa njia ya valizi tu, na plastiki yake haina uzuri wowote wa kuonyesha wageni. Lakini nimeona mtoto wa miaka minne akiielewa bila kufundishwa. Toa mtihani gani zaidi ya huo?

Sasa batri. Hapa wanaosifu wanapita haraka, mstari mmoja: «inadumu miaka miwili». Sisi tukae hapa kidogo.

Mwaka 1956 kampuni ya Zenith kule Marekani ilitoa telekomande ya televizyo iliyoitwa Space Command, kazi ya fundi Robert Adler. Haikuwa na batri. Ndani yake kulikuwa na vyuma vyepesi vya alumini. Ukifinya, kanyundo kadogo kanagonga chuma, kinatoa mlio wa juu sana ambao sikio la mtu halisikii, lakini televizyo inausikia. Kwa nini bila batri? Juu wauzaji walisema: siku batri itakufa, mteja hatafikiria batri, atafikiria televizyo imeharibika. Tafakari hilo neno. Watu wa zaidi ya miaka 60 iliyopita walijua kwamba butoni iliyokufa inaharibia jina kila kitu kilicho nyuma yake.

Na wazo lile halikufa. Mwaka 2014 Philips walitoa Hue Tap, butoni isiyo na batri kabisa: nguvu ya kidole chako wakati unafinya ndiyo inazalisha umeme mdogo wa kutuma amri. Teknolojia hiyo inatoka kwa Wajerumani wa EnOcean, kampuni iliyotoka tumboni mwa Siemens mwaka 2001. Hue Tap yenyewe ilikuwa ngumu kufinya, inatoa sauti «kla!» ya kuamsha mtoto, na ina ubaya ule ule wa kutokuwa na alama za kueleweka, haiuzwi tena. Lakini swichi za ukutani za familia hiyo, zinazofanana na swichi za kawaida, bado zinatengenezwa na makampuni mbalimbali. Bei yake inauma. Hata hivyo, kwa nyumba ya mtu mzee anayeishi peke yake, au nyumba ya kijijini ambako batri ya aina fulani haifiki, ningelipa hiyo bei kabla ya kununua ampule ya rangi hata moja.

Kwa wanaobaki na batri, tofauti ni hii. Butoni nyingi ndogo zinatumia ile batri ya duara inayoitwa CR2032. Jina lenyewe linakueleza: milimita 20 upana, milimita 3.2 unene. Inatoa volti 3. (Wenzetu wa Katanga wasijidai: ndani yake kuna litiamu na manganizi, kobalti yetu haimo.) Kwa mafundi wa saa na wa kompyuta unaipata, lakini huwezi kuijua nzima kwa kuitazama, na ile iliyokaa miaka kwenye joto la duka itakupa miezi michache. RODRET na STYRBAR zinatumia batri ya fimbo ndogo, tatu A, ile ile ya telekomande ya televizyo. Moja kwa RODRET, mbili kwa STYRBAR. Iko kwa kila duka la Kadutu mpaka kwa mama anayeuza sabuni na chumvi. Na iko aina yake ya kuchaji. Kwangu mimi jambo hili peke yake linaweza kuamua ununuzi.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na hapa naomba wazazi vijana wasome polepole. Ile batri ya duara mtoto akiimeza, inaweza kukwama kwenye koo. Pale penye unyevunyevu umeme wake unaanza kupita, unatengeneza kemikali kali inayochoma nyama, na ndani ya saa mbili jeraha linaweza kuwa kubwa sana. Hakuna haja batri ipasuke. Hata ile ambayo unasema «imekufa», haiwezi tena kutuma amri, bado inaweza kuchoma. Marekani, baada ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu kufa kwa batri iliyotoka kwenye telekomande, walipitisha mwaka 2022 sheria inayoitwa Reese's Law: kifuniko cha batri kama hiyo lazima kifunguliwe kwa bisibisi, au kwa mikono kufanya mambo mawili kwa pamoja. Australia waliweka masharti yao ya lazima mwaka huo huo.

Vitu vinavyofika kwetu kwenye maboksi mchanganyiko havikupita mbele ya sheria hizo. Njo maana mimi, kabla ya kuangalia redio gani iko ndani, nageuza butoni na kuangalia mgongo wake. Kama kifuniko kinafunguka kwa ukucha, kwenye nyumba yenye mtoto sikiweki. Kile kinachobandikwa kwa gundi tu, kwa kimo cha mtoto, ni kibaya zaidi: kikianguka sakafuni kinafunguka chenyewe. Na kama mtoto amemeza, ni hospitali mara moja, mahali penye mashine ya picha ya radio. Si kungoja kuona kama atakitoa, na si kumtapisha.

Bon. Tuje kwenye delestaji, ambayo sifa za Ulaya hazina hata sura yake.

Ampule yenye akili inasikiliza hewani muda wote, kwa hiyo inahitaji umeme muda wote. Mama akizima swichi ya ukutani, kama alivyofanya maisha yake yote, ampule inakufa masikio. Butoni yako mpya inafinywa bure. Na mama hana kosa. Anaona kashpawa inateremka, anazima. (Ampule ikisubiri inakula karibu nusu wati au chini yake, si kitu kikubwa, lakini nenda umweleze huyo aliyenunua yuniti jana jioni.) Zaidi ya hapo, kwenye mifumo ya Zigbee kila ampule inasaidia kupitisha ujumbe kwa ampule nyingine ya mbali. Ukizima ya ukumbini, ya jikoni inaweza kupotea pia, na butoni inaonekana kama ina kichaa: leo inafanya kazi, kesho hapana.

Kisha umeme unakatika saa mbili usiku na kurudi saa tisa ya alfajiri. Ampule nyingi, kwa tabia ya kiwanda, umeme ukirudi zinawaka zote, mwanga wote. Kwa mtengenezaji ilikuwa akili nzuri: mtu akizima na kuwasha swichi ya ukutani, apate mwanga. Kwake umeme kukatika ni ajali ya mara moja kwa mwaka. Kwetu ni ratiba! Wateja wa Hue walilalamika miaka na miaka, mpaka mwaka 2018 kampuni ikaongeza uwezo wa kuchagua ampule ifanye nini umeme ukirudi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa ampule, kabla hujafika kwenye butoni, ni hili: umeme ukirudi, ampule hii inarudi ginsi ilivyokuwa? Kama haelewi swali, ondoka.

Na kituo? Kituo pia kiko kwenye umeme, na ruteri pia. Kuna nyumba zenye batri kubwa na inverteri ambazo zinashika taa lakini ziliacha ruteri nje, juu fundi aliona intaneti ni anasa. Hapo utaona taa ziko na umeme, butoni iko na batri nzima, na hakuna kinachowaka, kwa sababu yule wa katikati amelala. Butoni za waifai ndizo mbaya zaidi kwa jambo hili. Ili batri idumu zinalala kabisa. Ukifinya zinaamka, zinatafuta ruteri, zinajitambulisha, ndipo zinatuma. Sekunde kadhaa mbele ya mlango wa choo ni nyingi. Ruteri ikiwa imezima, ni plastiki tu.

Kuna njia ambayo haisifiwi vya kutosha juu haina mvuto wa kuonyesha kwenye video: kufunga butoni na ampule moja kwa moja, bila mtu wa katikati. Telekomande za IKEA zinaweza hivyo na ampule zao. Unasogeza telekomande karibu kabisa na ampule, unafinya kabutoni kadogo ka kuunganisha sekunde kama kumi, vimefungana. Kituo kife, intaneti ife, butoni inaendelea kuongea na taa yake. Kwenye mifumo huru kama Home Assistant unaweza kupanga ufungaji wa aina hiyo kwa vifaa vingi vya Zigbee. Utapoteza baadhi ya maajabu, ile ya kufinya mara tatu ili pazia lifunguke. Acha yapotee.

Wengine mtaniambia: kamarade, hii ni habari ya matajiri, sisi tunatafuta kazi, wewe unatuletea telekomande za taa. Naelewa. Lakini jirani yetu mmoja, mama aliyepata shida ya upande mmoja wa mwili, anatembea na fimbo. Swichi ya chumba chake iko kando ya mlango, kitanda kiko ng'ambo. Kila usiku alikuwa anavuka giza, au anaita mtu. Butoni moja kwenye ubao wa kitanda, ampule moja, bila kituo, bila simu: hana tena haja ya kuita. Kitu hicho chote ni chini ya bei ya viatu ambavyo wengi wetu tulivaa siku ya kolasyo. Mimi naona huyo njo mteja wa kweli wa butoni, na ni yeye ambaye watengenezaji wanamsahau wanapoandika «amri kumi na mbili».

Kuhusu makampuni yenyewe, kumbukumbu zetu ziwe ndefu. Amazon walitoa Dash Button mwaka 2015: kila butoni inaagiza kitu kimoja, sabuni au karatasi ya choo. Januari 2019 mahakama ya München ikasema inavunja haki za mnunuzi, kwa sababu unafinya bila kuona bei wala kuwa na uhakika wa unachonunua. Mwaka huo huo Amazon wakaacha kuziuza na baadaye wakazizima zote. Logitech walitoa butoni zao za POP mwaka 2016. Oktoba 2025 zikaacha kufanya kazi juu huduma yake ilifungwa. Batri nzima, plastiki nzima, maiti. Insteon, kampuni ya Marekani, mwezi wa Aprili 2022 ilizima mashine zake za mbali bila kuaga mtu. Lakini sikiliza hii: kule kwa Insteon, swichi na butoni zilizokuwa zimefungwa moja kwa moja na taa ziliendelea. Simu ndizo zilizokatwa. Siku ile, ndani ya nyumba hizo, aliyekuwa na butoni alikuwa mkubwa kuliko aliyekuwa na simu.

Kwa hiyo ukiona kwenye boksi kwamba lazima ufungue akaunti ili taa ya chumba chako iwake, jua kwamba taa yako imepangishwa. Kiwango kipya kinachoitwa Matter, kilichotoka Oktoba 2022, kinaahidi kazi ifanyike ndani ya nyumba yenyewe na vifaa vya makampuni tofauti visikilizane. Ni ahadi nzuri na ampule zinaifuata. Butoni, lakini, ni kati ya vitu ambavyo mifumo mikubwa ilichelewa kuvipokea vizuri: nembo iko kwenye boksi, ila kituo chako kinaweza kuiona butoni na kutojua la kufanya nayo. Usinunue nembo. Uliza butoni hii na kituo hiki, kwa majina.

Jambo la redio nitalipitia haraka. Z-Wave ya Marekani inaongea kwenye megahezi 908, ya Ulaya kwenye 868. Butoni aliyotuma shangazi kutoka Texas haitasikilizana na kituo alichotuma mjomba kutoka Liège, na hakuna mpangilio wa kurekebisha. Zigbee haina shida hiyo, inatumia gigahezi 2.4 karibu dunia nzima, ila inagawana njia na waifai, kwa hiyo usiweke kituo juu ya ruteri. Zile telekomande za bei rahisi sana za megahezi 433, zinazoendesha milango ya gereji na taa za ua, zinavumilia kila kitu, hazijui intaneti ni nini. Kwa taa ya ua nazikubali. Kwa mlango hapana, juu nyingi zinatuma namba moja ile ile kila siku, na mwenye kifaa kidogo anaweza kuinasa na kuirudia.

Na swichi ya ukutani, tuitupe? Hata kidogo. Kama niko na uhuru wa kuchagua, naiacha ampule ya kawaida, naweka kifaa kidogo cha relei nyuma ya swichi iliyopo, kisha butoni isiyo na waya inaongezwa kama mkono wa pili. Mama anazima ukutani, tate anawasha kitandani, hakuna anayemharibia mwingine. Shida ni kwamba kwenye nyumba zetu nyingi za zamani ndani ya boksi la swichi kuna nyaya mbili tu, waya wa nuteri haukufika pale, na relei nyingi zinauhitaji. Ziko zisizouhitaji, ni hizo za kutafuta. Na aifunge fundi wa umeme, si mwanafunzi wa sosiolojia mwenye bisibisi ya simu.

Kwa aliyeuliza juzi juu ya chumba na saloni: chukua ampule mbili zinazokumbuka hali yao umeme ukirudi, butoni mbili za tatu A zenye sehemu ya kuwasha na ya kuzima tofauti, zifungane moja kwa moja na taa zake, kisha ndipo uone kama bado unataka kituo. Bandika juu ya swichi za ukutani kipande cha skochi ili zisizimwe, na andika kwa bik juu ya kila butoni ni ya nini.

Butoni ya kengele ya getini ni habari tofauti. Nyingi kati ya hizi nilizozitaja zimetengenezwa kwa ndani, na mvua ya Bukavu mnaijua. Kwa nje angalia kwenye karatasi herufi IP na namba zake. Ikiwa chini ya 44, iache kwa muuzaji.